Njia ya Mto Msimbazi

Katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, huanza mto ambao wakazi wa Dar es Salaam aghalabu huutaja siku unapowadhuru tu. Msimbazi, ambao wakati wa kiangazi mtu mzima huweza kuuvuka sehemu nyingi bila kulowesha magoti, hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, hata ukafika baharini penye mikoko karibu na daraja la Salenda. Na maadamu mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860 ulikutwa na watu zaidi ya milioni tano katika sensa ya 2022, hapana budi kuuliza mto huu umeachiwa njia gani.

Zamani mvua ya masika ilipoanguka juu ya vilima na mashamba, ardhi ilikunywa sehemu yake, matete ya bondeni yakazuia sehemu nyingine, na iliyosalia ikateremka pole pole. Leo mvua ile ile huangukia bati, saruji na lami, ambavyo havinywi kitu, ikakusanyika kwa muda mfupi na kukimbilia bondeni, ikichukua mchanga wa miteremko iliyovuliwa miti pamoja na taka za masokoni na majumbani. Mchanga ukajaza mkondo, taka zikaziba makalavati, na maji, yakiwa hayana tena kina wala njia, yakapanda juu ya Barabara ya Morogoro pale Jangwani na kuukata mji vipande viwili. Kubadilika kwa tabia ya nchi ulimwenguni kunazidisha ukali wa mvua, na hilo mji mmoja hauwezi kulizuia. Lakini kuziba njia ya maji ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40. Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini, na baadhi yao baada ya muda wakarudi bondeni. Walilaumiwa sana kwa ukaidi, nami siikubali lawama hiyo. Kwani mchuuzi ambaye riziki yake iko Kariakoo, akipelekwa mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi hula faida yake yote, huwa anachagua baina ya mafuriko yanayoweza kuja na njaa iliyo yakini. Wala si maskini peke yao waliojenga bondeni: karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari zake 2016, ilijengwa papo hapo Jangwani, na maji yameivamia mara kadha wa kadha.

Liko jambo jingine ambalo watu huona haya kulisema, nalo ni vyoo. Katika mitaa isiyofikiwa na gari la majitaka, au ambayo wakazi wake hawana uwezo wa kulilipa, wako wanaongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo, yaani watoboe shimo na kuyaachilia yaliyomo yachukuliwe na maji, maji yale yale ambayo jirani wa chini huyakanyaga akiwa na mtoto mgongoni. Kipindupindu hupata njia hapo, na mganga hawezi kukimaliza hospitalini ilhali kinafugwa mitaroni. Kwa hiyo mhandisi wa mitaro na bwana afya, kwa insafu, wana kazi moja.

Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji wa mitaa, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, walichora mitaro, nyumba na mahali maji yanapofikia. Sasa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, imekusudiwa kuinua daraja la Jangwani, kuchimba mkondo, kuhamisha karakana, na kulifanya bonde kuwa bustani ya watu wote, ambayo mto utakapofurika italala chini ya maji bila mtu kudhurika. Hilo la bustani lanipendeza kuliko yote, kwa kuwa linakiri haki ya mto.

Lakini bonde haliwi bustani bila waliomo kuhamishwa, na fidia aghalabu humfuata mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, asipotafutiwa makao yaliyo karibu na kazi yake na ambayo kodi yake aiweza, atahamia kando ya Mto Ng'ombe au bonde jingine lolote lenye vyumba rahisi, na hatari itahama pamoja na vyombo vyake. Na huko Pugu, misitu isipolindwa, na wachoma mkaa na wachimba mchanga wasipozuiwa, mkondo uliochimbwa kwa fedha za mkopo utajaa tena kabla mkopo wenyewe haujalipwa.