Swali la Utafiti Huchumwa kama Chai

Mchumaji stadi wa chai katika mashamba ya Kericho na Bomet hakumbi kichaka kizima. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, mengine akayaacha. Aghalabu watafiti wetu wapya hufanya kinyume: hukumbatia kichaka chote, na mzigo ukawaelemea.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayeleta mada hii: "Athari za Kipsigis katika Kiswahili." Athari zipi? Za matamshi, msamiati au sarufi? Kwa nani: mzee wa Sotik au mtoto wa shule? Msimamizi humwambia tu, "Punguza mada," kisha akamwacha. Miezi hupita, karo hulipwa, pendekezo halisongi. Wengine hukata tamaa na kuiaga shahada.

Si haki kumlaumu mwanafunzi peke yake. Kupunguza mada ni stadi, na stadi hufunzwa. Msimamizi na amuulize: ni jambo gani ulilolisikia au kuliona likakushangaza? Huenda akajibu kwamba watoto anaowafundisha huandika "paba" badala ya "baba". Hapo ndipo penye chipukizi! Katika Kipsigis, sauti p na b hazitofautishi maana ya maneno, na p huelekea kutamkwa kama b ikiwa kati ya irabu. Basi swali lazaliwa: je, watoto wa gredi ya 4 wanaozungumza Kipsigis hukosea b mwanzoni mwa neno zaidi kuliko kati ya irabu? Madaftari ya insha ya shule chache yatatosha kulijibu. Na jibu, liwe ndiyo au la, litamfaa mwalimu.

Asidhani mtu kwamba swali dogo huzaa elimu ndogo. Mwaka 1962, William Labov, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, alichunguza sauti moja tu, r, vinywani mwa wauzaji wa maduka 3 ya New York. Alibaini kwamba matamshi yao yalifuata hadhi ya duka. Kazi hiyo ikawa miongoni mwa nguzo za isimujamii.

Hata hivyo, msimamizi asimtungie mwanafunzi swali. Amwongoze kwa maswali hadi alichume kwa mkono wake, kwani kesho naye atakuwa msimamizi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.