Wakili na Lugha ya Deni

Wakili wa kesi za biashara mjini Malindi husomea sheria chuo kikuu miaka minne, kisha Shule ya Sheria ya Kenya na uanagenzi, ndipo aapishwe. Yote hayo kwa Kiingereza. Siku moja amjia mkulima wa minazi kutoka Kilifi, aliyeweka shamba rehani kwa mkataba asioweza kuusoma! Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini kifungu cha 86 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaitengea Mahakama Kuu Kiingereza, Kiswahili kikiruhusiwa katika mahakama za chini tu. Hali rehani, dhamana, fidia na hilo neno wakili lenyewe yalitumika katika biashara ya pwani hii kabla ya utawala wa Mwingereza. Wahadhiri wenzangu wa sheria wana udhuru gani wa kutoyafundisha?