Mgeni njoo, mwenyeji apone

Nikikuuliza mtani wa Simba ni nani, huhitaji muda wa kufikiri. Klabu moja ilizaliwa mwaka 1935, nyingine 1936, na tangu hapo hakuna ofisi, daladala wala kwaya ya parokia isiyokuwa na pande mbili. Nimeshuhudia mwenyekiti wa jumuiya akishindwa kufungua kikao kwa sababu timu yake ilifungwa jana yake na wajumbe hawaachi kumcheka. Timu ya kigeni ikija kucheza na mtani, wapo wanaovaa jezi ya wageni na kuishangilia kama vile wamezaliwa nao kijiji kimoja. Tunacheka, na ndio utani wenyewe.

Lakini nimeona pia jambo lisilochekesha. Watu waliopokea Ekaristi pamoja asubuhi wanatoleana matusi ya nguoni jioni ya Jumapili hiyo hiyo, na mwezi mzima hawasalimiani. Hapo nikaanza kujiuliza utani unaishia wapi na uadui unaanzia wapi. Kisa kilichonisaidia kupata jibu kimetoka mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, na kinawahusu watu waliokuwa na sababu nzito za kuchukiana kuliko bao la kuotea.

Mchezo wenyewe ni raga. Kwa asiyeujua, mpira wake una umbo la yai, unabebwa mikononi, kila upande una watu 15, na wanagongana kwa nguvu hata mtazamaji anaumia. Jirani zetu Kenya na Uganda wanaupenda, na tangu mwaka 2004 wanagombea Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima ulio mpakani mwao. Mchezo ni wa shari, lakini mashabiki wake kwa desturi hawatenganishwi. Hakuna uzio wala mstari wa polisi kati yao. Mwenye jezi ya wageni anakaa bega kwa bega na mwenyeji, wanakejeliana dakika zote 80, kisha mmoja anamnunulia mwenzake kinywaji. Mara nyingi filimbi ya mwisho ikishalia, wachezaji wa timu moja hupanga mistari miwili na kuwapigia makofi wapinzani wao wakipita katikati. Mimi hupenda kuangalia hapo kuliko mchezo wenyewe.

Sasa twende Dublin, mji mkuu wa Ireland, kwenye uwanja unaoitwa Croke Park. Huo ni uwanja wa chama cha michezo ya asili ya Ireland, GAA, kilichoanzishwa mwaka 1884. Jumapili ya tarehe 21 Novemba 1920, nchi ikiwa katika vita vya kudai uhuru, wapiganaji wa Ireland waliwaua asubuhi maofisa kadhaa wa ujasusi wa Uingereza mjini humo. Alasiri Dublin na Tipperary walikuwa wakicheza mpira wa asili pale Croke Park. Askari wa serikali ya Uingereza wakaingia na kufyatua risasi kwenye umati. Watu 14 walipoteza maisha. Mmoja alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, aliyeuawa uwanjani akiwa amevaa jezi yake. Mwingine alikuwa mtoto wa miaka 10, na mwingine wa miaka 11. Yumo pia msichana aliyekuwa afunge ndoa siku chache baadaye. Padre yeyote aliyewahi kutangaza ndoa kanisani, akawaona wachumba wakiinamisha vichwa kwa aibu njema, anaelewa jambo hilo lina uzito gani. Siku hiyo watu wa Ireland wanaiita Jumapili ya Damu, na jukwaa moja la uwanja huo linaitwa Jukwaa la Hogan hadi leo.

Basi usishangae kwamba GAA walikataa michezo ya Kiingereza isichezwe kwenye viwanja vyao. Waliiona ni michezo ya mkoloni. Hadi mwaka 1971 mwanachama aliyecheza raga, au hata kwenda kuitazama tu, aliweza kufukuzwa. Mlango ulifunguliwa kwa kura mwaka 2005, tena kwa ubishi mkubwa, kwa sababu uwanja wa raga wa Dublin, Lansdowne Road, ulikuwa ubomolewe na kujengwa upya na timu ya taifa haikuwa na pa kuchezea. Ratiba ikaleta mechi ambayo kila mtu aliiona ikija: Ireland na England, Croke Park, Jumamosi ya tarehe 24 Februari 2007.

Hofu haikuwa ya mchezo, ilikuwa ya wimbo. Kabla ya mechi za mataifa huimbwa nyimbo za taifa, na wimbo wa England wakati huo ulikuwa ule wa kumwomba Mungu amlinde Malkia. Askari waliofyatua risasi mwaka 1920 walikuwa askari wa taji hilo hilo. Je, wimbo huo utapigwa mahali palipomwagika damu ile? Na ukipigwa, watu zaidi ya 80,000 watafanya nini? Kwa majuma kadhaa nchi nzima ilijadili jambo hilo redioni, magazetini na kwenye baa. Wote walijua kwamba wachache wakianza kuzomea, uwanja mzima ungewaka.

Bendi ilipoanza, uwanja ulinyamaza. Waingereza waliimba wimbo wao wote, sauti zao zikisikika wazi katika ukimya wa watu wa Ireland. Ulipokwisha, wenyeji wakapiga makofi. Kisha ikaja zamu yao, wakaimba mpaka wachezaji wenyewe wakashindwa kujizuia. John Hayes, mkulima wa Limerick, jitu la miraba minne ambaye kazi yake ilikuwa kusukumana na majitu wenzake, alionekana machozi yanamtiririka mashavuni. Mwenzake Jerry Flannery naye hivyo hivyo.

Usidhani baada ya hapo walicheza kwa kubembelezana. Ireland waliwapiga England 43 kwa 13. Trai moja niliyoipenda ilitokana na mpira wa juu uliopigwa na Ronan O'Gara. Shane Horgan akaruka na kuudaka hewani kama wanavyodaka katika mpira wa asili wa uwanja ule, akaanguka nao ndani. Heshima iliyotolewa wakati wa wimbo haikuwapunguzia wageni kipigo hata kidogo, na nadhani wageni wenyewe wasingetaka wapunguziwe. Mpinzani anayekuachia ushinde anakudharau.

Wapo waliosimama nje ya uwanja siku ile kupinga. Walikuwa wachache, nami siwahukumu upesi. Nimekaa na wajane na mayatima wa watu waliouawa, na nimejifunza kwamba msamaha hauamrishwi kutoka altareni. Tena angalia kwamba ndani ya uwanja hakuna aliyefuta chochote. Jukwaa la Hogan halikufunikwa kitambaa ili wageni wasione haya. Wimbo wa England uliimbwa katika uwanja wenye jina la marehemu, na wote wakijua kwa nini jina lile liko pale.

Sasa mtu anaweza kuuliza ukimya ule ulitoka wapi. Watu 80,000 hawafundishwi adabu kwa asubuhi moja. Mimi naamini sehemu yake ilipandwa miaka 34 nyuma.

Tarehe 30 Januari 1972, katika mji wa Derry huko Ireland ya Kaskazini, askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji, na 13 wakafa siku hiyo. Siku chache baadaye umati wenye hasira uliuchoma moto ubalozi wa Uingereza mjini Dublin. Mwaka huo timu za Scotland na Wales zilikataa kwenda kucheza Dublin kwa kuhofia usalama, na mtu mwenye akili hawezi kuwalaumu. Februari 1973 ikawa zamu ya England, timu ya taifa lile lile lililokuwa likichukiwa. Kama kuna waliokuwa na sababu ya kubaki nyumbani, ni wao. Wakaenda.

Walipotokea uwanjani Lansdowne Road, watu wa Ireland walisimama wakawapigia makofi. Wanaosimulia wanasema makofi yalidumu kama dakika tano. Hebu pima dakika tano kwa saa yako, msomaji, uone ni ndefu kiasi gani. Kisha England wakafungwa 18 kwa 9. Usiku kwenye chakula cha pamoja nahodha wao, John Pullin, akasimama na kuwaambia wenyeji kwamba huenda timu yake si hodari, lakini angalau wao wanakuja. Ukumbi ukaangua kicheko na kushangilia. Wazee wetu wangemjibu kwa maneno manne tu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo ndipo nilipouona utani wetu wa asili. Tumelifanya neno hilo kuwa la mpira, tukasahau lilikotoka. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye wajukuu zao wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo waliunganishwa na njia za misafara ya kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukuita majina ambayo ndugu yako wa damu angeyasema ungemshitaki. Akifika msibani anafanya vituko, anaigiza mwendo wa marehemu, analala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Lakini umeona ni wapi anafanya hayo? Msibani. Amekuja. Ameshika jembe, amechota maji, amelala nje kwenye mkeka na wafiwa. Ruhusa yake ya kukejeli ameilipia kwa kufika. Anayekutumia kejeli kwenye simu akiwa kwake, na siku ya shida haonekani, sijui tumwite nani, ila mtani siye.

Kwa kuwa mimi ni padre, nilifungua kalenda ya liturujia nione masomo ya siku ile ya mwaka 2007 yalikuwa yapi. Ilikuwa Jumamosi baada ya Jumatano ya Majivu. Somo la kwanza ni kutoka Isaya sura ya 58, pale nabii anapomwahidi mwenye kuacha kunyoosha kidole na kusema maovu kwamba ataitwa mjenzi wa kilichobomoka. Na uwanja wao wa raga, kumbuka, ulikuwa ukisubiri kubomolewa. Injili ni ya Luka sura ya 5, Yesu anamwita Lawi mtoza ushuru, kisha anakaa naye mezani, na Mafarisayo wananung'unika.

Tumezoea kuhubiri kwamba Lawi alikuwa mdhambi, basi. Ila kwa jirani zake alikuwa kitu kibaya zaidi, kibaraka aliyeuhudumia utawala wa kigeni kwa kuwakamua watu wake. Mapokeo yanamtambua kuwa ndiye Mathayo mtume. Sasa soma orodha ya mitume katika sura ya 6 ya Luka hiyo hiyo. Yumo Simoni aitwaye Zelote, jina linalomhusisha na watu wenye wivu mkali kwa ajili ya taifa lao, ambao mtoza ushuru kwao alikuwa msaliti. Yesu aliwaweka wote wawili katika kundi moja la watu kumi na wawili. Injili haituambii walisemezana nini jioni ya kwanza. Mimi sidhani kama walikumbatiana. Nadhani walikaa, mkate ukapita mkono hadi mkono, na kwa muda mrefu Simoni alinyamaza.

Msomaji wangu, timu yako utaishangilia tu, na mtani wako utamcheka akifungwa, nami sitakuzuia. Ninachokuuliza ni kama yupo mtu ambaye umeacha kwenda kwake. Huenda ni mwanakwaya mwenzako, au shemeji yako mliyegombana kwenye kikao cha harusi, au familia ya upande wa pili wa kesi ya shamba. Tena huenda kosa ni lake kweli, na bado lina jina na tarehe kama jukwaa la Hogan. Kwenda kwake si kulifuta. Na kama ni yeye atakayekuja kwako, utamwachia nafasi aimbe wimbo wake mpaka mwisho kabla hujaanza wa kwako?

Hadithi ya Croke Park haikuishia kwenye mechi ile. Mei 2011 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifanya ziara Ireland, ya kwanza kwa mtawala wa taji hilo tangu nchi hiyo ijitawale. Alipelekwa pia Croke Park. Alipokelewa na viongozi wa GAA, wale wale ambao chama chao kiliwahi kumfukuza mtu kwa kutazama raga, akatembezwa mpaka ukingoni mwa nyasi, na Jukwaa la Hogan likiwa pale pale.