D ya Kemia Mlangoni mwa Famasia

Barua ya kudahiliwa katika kozi ya famasia huthibitisha jambo moja tu, kwamba mwombaji amefikia kiwango cha chini kilichowekwa, wala haithibitishi kwamba ameyamudu masomo ambayo kozi hiyo imejengwa juu yake. Tofauti hiyo huonekana ndogo wakati wa furaha ya kupokelewa, lakini ndiyo inayowasumbua wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya afya vya Moshi na kwingineko Tanzania, hasa wale walioingia na alama hafifu katika somo tangulizi, yaani somo ambalo mtu hutakiwa kulifaulu kabla ya kuruhusiwa kuanza kozi inayolitegemea. Kwa famasia, taaluma ya kutengeneza, kuhifadhi na kutoa dawa, masomo hayo ni kemia na baiolojia kwanza, kisha fizikia na hisabati.

Nchini Marekani, ambako vyuo vya famasia huweza kumpokea mwombaji angali anamalizia masomo tangulizi, barua ya kupokelewa kwa kawaida huambatana na sharti kwamba masomo yaliyobaki ayafaulu kwa alama isiyopungua C, hivyo anayeteleza kwenye kemia ya kaboni miezi michache kabla ya chuo kufunguliwa huweza kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata. Tanzania mambo huenda kwa mpangilio mwingine, kwa kuwa udahili hufanyika baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania kutangaza matokeo, na alama mbaya huwa imekwisha kujulikana na kila mtu kabla ya barua kuandikwa. Haimnyimi mwombaji nafasi maadamu haijashuka chini ya kiwango. Humfuata darasani, na huko ndiko inakoanza kudai.

Alama yenyewe inahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu herufi moja hubeba maana mbili. Katika mtihani wa kidato cha nne, D hutolewa kwa aliyepata kati ya 30 na 44 kwa 100, ilhali katika mtihani wa kidato cha sita D ni 50 hadi 59, na chini yake kuna E, inayoanzia 40, ambayo bado huhesabiwa kuwa ufaulu mkuu, yaani ule unaotambuliwa kwa udahili wa chuo kikuu, halafu S, ya 35 hadi 39, ambayo ni ufaulu mdogo. Anayeomba kusoma stashahada ya sayansi ya famasia kwa utaratibu wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini, hutakiwa kuwa amefaulu masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, kemia na baiolojia yakiwamo, na kufaulu huko huanzia D. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi, lakini si sharti. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuingia chuoni kwa halali kabisa akiwa amekosa alama 70 kati ya 100 za kemia, huku hisabati akiwa ameifeli. Kwa shahada, inayochukua miaka minne na kufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi inayofanywa chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mfamasia, mlango ni mwembamba zaidi, kwani hutakiwa ufaulu mkuu katika kemia, baiolojia na fizikia kwa pamoja. Hata hivyo, huko nako wapo wanaoingia kwa alama za pembeni kabisa mwa mstari.

Si haki kuihesabu alama hiyo kuwa kipimo cha akili ya mtu bila kutazama ilikotoka. Katika mfumo uliowalea wengi wa wanafunzi walioko vyuoni leo, mtoto wa shule ya msingi ya serikali alijifunza sayansi kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta kemia, somo asilowahi kulisikia, likifundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hata kuombea ruhusa ya kutoka nje ilimpa shida. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliiwezesha karibu kila kata kuwa na sekondari yake, na kwa vijiji vya mlimani Kilimanjaro, ambako zamani mtoto aliyekosa nafasi katika shule chache za serikali au za madhehebu ya dini alibaki nyumbani, hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Lakini majengo yalitangulia mbele ya maabara, na maabara zikatangulia mbele ya walimu wa sayansi. Matokeo yake ni kwamba wapo waliofanya mtihani wa vitendo wa kemia huku bureti, ule mrija mrefu wenye alama za ujazo na bomba dogo la kufungulia chini, wakiwa wameishika mara chache tu maishani. Mtahiniwa wa namna hiyo hutakiwa kudondosha asidi tone kwa tone ndani ya besi mpaka kionyeshi kibadilike rangi, asome ujazo uliotumika, kisha akokotoe ukali wa myeyusho, na iwapo matone machache ya ziada yamepita, rangi huwa imekolea na hesabu yote imeharibika. D aliyoipata yeye na D ya mwanafunzi aliyekuwa na maabara nzuri ila hakusoma ni alama moja kwenye cheti, ingawa zinahitaji tiba tofauti.

Miteremko ya Kilimanjaro huongeza uzito wa aina yake. Elimu imekuwa mradi wa ukoo mlimani tangu shule za misheni za Kilema, Kibosho na Machame, na tangu fedha za kahawa zilizopitia Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, zilipoanza kulipa ada za watoto ambao wazazi wao waliona wazi kwamba kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hakigawanyiki milele kwa wana wote. Leo kahawa haibebi tena mzigo huo kama zamani, na ada ya chuo huchangwa na baba mdogo aliyeko Dar es Salaam, shangazi mwenye duka Arusha na mama anayeuza ndizi sokoni, wote wakitarajia kukutana nyumbani Desemba, wakati barabara za kupanda Marangu na Rombo zinapojaa magari ya wanaorudi kula Krismasi. Kijana aliyekwisha kutambulishwa mbele ya wote hao kuwa ndiye atakayekuwa mfamasia wa ukoo huona vigumu sana kutamka kwamba hesabu za moli, kipimo cha kiasi cha dutu katika kemia, zinamshinda. Hunyamaza, na ukimya huo humdhuru kuliko alama yenyewe, kwa kuwa pengo lisilotajwa halifundishwi.

Ugumu wa famasia ni kwamba pengo hilo halibaki kwenye karatasi ya mtihani. Kipo kisa cha kila siku katika dirisha la dawa la hospitali yoyote: mtoto mwenye uzito wa kilo 12 ameandikiwa parasetamo kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa iliyopo ni ya maji, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Anayetoa dawa hana budi kuzidisha 15 kwa 12 apate miligramu 180, kisha auone ujazo unaobeba kiasi hicho, ambao ni mililita 7.5, yaani kijiko kimoja na nusu cha mililita 5, na amweleze mama kwa lugha anayoielewa ili kisitumike kijiko chochote cha nyumbani. Hesabu hiyo ni uwiano wa kidato cha pili. Aliyezoea kuiruka ataendelea kuiruka, au ataikariri kwa dawa moja na kukwama pale kiwanda kinapobadilisha nguvu ya dawa kwenye chupa.

Kemia nayo hujitokeza mahali ambapo hesabu peke yake haitoshi. Ili kupata lita moja ya spiriti ya asilimia 70, inayotumika kusafishia ngozi na mikono, kutokana na spiriti ya asilimia 96, huhitajika takriban mililita 729 za ile kali, na aliyesoma hisabati tu atatoa 729 katika 1,000 na kupima mililita 271 za maji. Atakosea, kwa sababu spiriti na maji vikichanganyika hujibana na ujazo wake hupungua, hivyo utaratibu sahihi ni kuongeza maji yaliyosafishwa, kuacha mchanganyiko upoe, kisha kujaza mpaka mstari wa 1,000. Jambo dogo la aina hii ndilo linalomtenga aliyeelewa kemia na aliyeivuka kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita.

Moshi ni mji unaofaa kuyaona hayo kwa macho. Katika eneo la KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambako kwa juhudi za mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto kilianzishwa kitengo cha kutengeneza Kilisun, krimu ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya mionzi ya jua. Krimu kama hiyo ni mafuta na maji vilivyolazimishwa kukaa pamoja kwa msaada wa kiungo cha kuviunganisha, na kinga yake hutegemea vizuia mionzi kupimwa kwa uzito sahihi na kusambaa sawasawa katika kila kopo. Kosa kwenye mizani halionekani kwa mtumiaji, ambaye atajipaka asubuhi, atoke kwenda shambani akiamini amelindwa, na ngozi yake ndiyo itakayogundua. Mjini humo humo, Chuo cha Famasia Kilimanjaro kimewahi kushirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kuendesha mafunzo ya utengenezaji wa dawa viwandani kwa wataalamu wa Kiafrika, ushahidi kwamba elimu ya dawa ya kiwango cha juu inaweza kutolewa chini ya mlima huu. Mwanafunzi anayeanza akiwa nyuma anastahili kujua kwamba anaelekea kwenye kazi za namna hiyo, na kwamba inafaa ajipange mapema.

Kujipanga huanza kwa kuivunja alama vipande, kwani karatasi ya matokeo haisemi ni mada zipi zilizomwangusha. Mwenye D ya kemia ya kidato cha nne ana kazi ya kurudi kwenye vitabu vya kidato cha pili na cha tatu, bila aibu, na kujipima mada kwa mada: moli na ukokotoaji wake, asidi na besi, ukali wa myeyusho, kisha kampaundi za kaboni, ambazo ndizo mwili wa karibu kila dawa. Mara nyingi itaonekana kwamba tatizo si kemia nzima, ni moli na uwiano, na kwamba mada nyingine zilianguka kwa kuwa zimesimama juu ya hizo mbili. Miezi kati ya matokeo ya kidato cha sita, yanayotoka kwa kawaida Julai, na kufunguliwa kwa vyuo mwishoni mwa mwaka inatosha kwa kazi hiyo, kama haikutumiwa yote kusubiri majina ya Bodi ya Mikopo. Kozi ikishaanza, muda huo haupatikani tena: anayeshindwa somo hukutana na mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wenyewe huuita sapu, na anayeshindwa masomo mengi au kushindwa tena huweza kudisko, yaani kuondolewa masomoni, mara nyingi kwa ajili ya pengo ambalo lingezibwa na mwalimu wa sekondari katika majuma machache ya tuisheni.

Vyuo navyo vina deni hapa. Chuo kinachokubali D kinajua kinamkubali mwanafunzi wa namna gani, na kikimpeleka moja kwa moja kwenye mihadhara inayodhani kwamba moli anaijua, kimepokea ada yake bila kumpa alichohitaji kwanza. Jaribio fupi la hesabu na kemia katika juma la kwanza, lisiloingia kwenye matokeo, pamoja na vipindi vya jioni kwa watakaoonekana kuhitaji, lingegharimu kidogo na kuwatoa wengi katika ukimya uliotajwa. Wanafunzi wa bweni moja wanaweza kuanza kusaidiana hata kabla ya chuo kuchukua hatua, kwa kuwa katika kila darasa yupo aliyetoka shule yenye maabara na yupo aliyeshika bureti mara mbili.

Ipo pia njia ambayo haifai hata kufikiriwa, nayo ni kuigusa alama iliyoko kwenye cheti. Uhakiki wa mwaka 2017, uliobaini watumishi wa umma zaidi ya 9,000 wenye vyeti vya kughushi na kusababisha waondolewe kazini, wakiwamo waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba Baraza la Mitihani hulinda kumbukumbu zake, na kwamba karatasi iliyochezewa huweza kumfikia mtu akiwa tayari na familia na mkopo wa benki.

Mwenye kutaka kuibadilisha alama ana njia ya halali, ya kurudia somo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiye mwanafunzi wa shule yoyote, katika mtihani wa kidato cha nne wa Novemba au wa kidato cha sita wa Mei. Njia hiyo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa. Mteknolojia wa dawa aliyemaliza stashahada, akafanya kazi miaka kadhaa katika kituo cha afya cha Hai au Rombo na sasa anataka shahada, hugundua kwamba wastani mzuri wa stashahada, ambao kwa kawaida ni B au GPA ya 3.0, haumalizi masharti, kwa kuwa vyuo vikuu hudai pia angalau D za kidato cha nne katika masomo kama hisabati na fizikia, yale yale ambayo hayakuwa lazima alipoingia stashahada. Aliyeifeli hisabati akiwa na miaka 17 huambiwa habari zake akiwa na miaka 28. Angalau kwake somo hilo limekuwa jepesi kuliko alivyoliacha, maana uwiano aliouogopa darasani ameufanya dirishani kila siku, mtoto baada ya mtoto, na kinachobaki ni kujiandikisha mapema katika kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kilicho karibu naye, kutafuta mwalimu wa kumpitisha jiometri na aljebra alizozisahau, na kumwomba mfawidhi wake ampangie zamu zitakazompa nafasi ya kusoma na siku ya mtihani wenyewe.