Kizingiti cha Gari la Wazi

Mtu anayekwenda kununua jahazi lililokwisha zeeka hasimami pwani kulitazama tanga. Hungoja maji yatoke, akainama chini ya tumbo la chombo, akagonga mbao moja baada ya moja na kuuliza habari za mkuku na mataruma, kwani tanga hushonwa likawa jipya kwa siku chache, bali mkuku uliooza hauna dawa ila kukivunja chombo chote. Niliikumbuka desturi hiyo siku ndugu yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Uingereza kwa kazi, aliponiomba nifuatane naye kwenda kutazama gari dogo jekundu la turubai, MGB ya mwaka 1972, ambalo tangazo lake lilisema kwa maneno machache kwamba lina kutu lakini linakwenda. Maneno hayo mawili, kutu na kwenda, yamewatia watu wengi katika hasara kwa sababu wameyasoma kwa haraka, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

MGB ilianza kutoka mwaka 1962 katika kiwanda cha MG mjini Abingdon, karibu na Oxford, ikaendelea kuundwa mpaka Oktoba 1980, kiwanda chenyewe kilipofungwa. Herufi hizo mbili zatokana na Morris Garages, gereji za William Morris mjini Oxford, ambako meneja wake, Cecil Kimber, alianza katika miaka ya 1920 kuyavika magari ya Morris bodi nyepesi zenye umbo la kupendeza. Ziliundwa MGB zaidi ya nusu milioni, ukizihesabu pamoja na zile za paa la chuma zilizoitwa GT, na sehemu kubwa ikapakiwa melini kwenda Marekani. Injini yake ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 1798, inayolishwa na kabureta mbili za SU, wala hamna ndani yake siri wala ajabu, na usahili huo ndio fadhila yake kubwa, maana fundi mwenye spana za kawaida na subira aweza kuifungua jioni moja na kuirudisha jioni ya pili. Spea zake, kuanzia kioo cha taa hata mpira wa breki, zapatikana hadi leo. Na tangu 1988 shirika la British Motor Heritage limekuwa likiunda hata bodi nzima kwa kalibu za asili, ingawa bei ya bodi hiyo tupu huzidi bei ya MGB nyingi zinazokwenda barabarani.

Sasa yatupasa kuingia katika maumbile ya gari lenyewe, kwa kuwa asiyeyajua maumbile hayo atanunua rangi akidhani amenunua gari. MGA, iliyoitangulia MGB, ilikuwa na chesisi, yaani fremu nzito ambayo bodi ilikalishwa juu yake kama sanduku juu ya mkokoteni. MGB haina kitu hicho, bali nguvu zake zote zimo katika mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja mpaka yakawa mwili mmoja. Gari la namna hiyo likiwa na paa la chuma, nguzo zake na paa lake husaidia kuubeba mzigo. Likikosa paa, kazi yote huteremka kwenye sakafu na kwenye vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Kizingiti hicho, lau ungekikata kwa msumeno ukachungulia ndani, ungeona kuwa ni sanduku refu lenye matabaka: ganda la nje lililopakwa rangi, bati lililosimama wima katikati, ukuta wa ndani ulio upande wa miguu ya abiria, na chini kabisa reli inayoshikana na sakafu. Kwa hiyo kutu iliyokula kizingiti cha gari lenye paa ni maradhi ya mguu, lakini ikikila kizingiti cha gari la wazi ni maradhi ya uti wa mgongo.

Kutu si uchafu uliokuja kukaa juu ya chuma hata ukapanguswa ukaondoka. Ni chuma chenyewe kilichokutana na maji na oksijeni kikageuka kitu kingine, na kitu hicho hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa, ndiyo sababu rangi hutoa malengelenge muda mrefu kabla tundu halijaonekana: kutu imeanzia ndani, nayo inasukuma kutoka nje. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, jambo ambalo watu wa mwambao hawahitaji kufunzwa, kwa vile wamekwisha kuona jinsi nondo za dirisha lililoelekea bahari zinavyokonda mwaka hata mwaka. Uingereza chumvi humwagwa barabarani kwa makusudi wakati wa baridi ili barafu isigande, na magurudumu huirusha pamoja na tope mpaka nyuma ya madigadi ya mbele, pale penye pembe iliyojificha ambapo tope hulala limeloa, likipumzikia mwisho wa kizingiti. Ndiyo maana MGB zilizoishi California, mbali na chumvi hiyo, nyingi zikiwa zimerudishwa Uingereza katika miaka ya baadaye, huwa na siti zilizopasuka kwa jua na usukani wa kushoto, lakini mabati yake ni mazima. Na mimi, kama ningeshauriwa, ningechagua usukani wa upande nisiouzoea kuliko sakafu iliyooza.

Tangazo tulilipata kwa watu wa chama. Wapenzi wa MG wana vyama viwili vikubwa, MG Car Club cha tangu 1930 na MG Owners' Club cha tangu 1973, na mwenye kutafuta gari la namna hii hana mlango bora wa kubisha, kwa kuwa huko hupata wauzaji, na fauka ya hayo hupata wazee wa kazi walio tayari kumwambia gari lipi wamelifahamu miaka 20 na lipi limepakwa rangi juzi. Tulikwenda Novemba, baada ya mvua ya siku mbili, nasi tuliikusudia siku hiyo: katika majira hayo mwenye gari la wazi hana tena hamu ya kulihifadhi, na mvua huonyesha turubai linapovuja kuliko ahadi yoyote ya muuzaji.

Mwenye gari alikuwa mzee mpole ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kumwingiza na kumtoa katika kiti kilicho chini kiasi kile. Alitupokea kwa heshima, akatufungulia banda, akatuachia nafasi. Ndugu yangu, kwa shauku yake, alikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Bwana, injini haikimbii. Tuanze mlangoni."

Mwanya ulio kati ya mlango na madigadi ya nyuma hupasa kuwa sawa toka juu hata chini. Ukiuona mwembamba juu na mpana chini, jua kwamba gari limeanza kubonyea katikati kama kitanda kilicholegea kamba. Upande wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulikuwa na walakini. Kwa idhini ya mzee tuliinua gari kwa jeki, kwanza upande huu, kisha upande ule, tukifungua na kufunga milango gurudumu likiwa hewani, na hapa palidhihirika yale ambayo rangi ilikuwa ikiyasitiri: mlango wa kulia ulifungika kama kawaida yake, wa kushoto ukagoma na kukwaruza nguzo, maana mwili wa gari ulikuwa ukijikunja chini yake. Nilitoa sumaku ndogo niliyoivika kitambaa ili isichubue rangi. Kulia iling'ang'ania kizingiti toka mwanzo hata mwisho. Kushoto ilishika, ikaachia, ikaanguka mkononi mwangu, kwa sababu pale hapakuwa na chuma tena, palikuwa na filla. Fundi asiyeogopa Mungu huziba tundu kwa filla, akapiga msasa, akapaka rangi, na uso wa gari ukang'aa. Na kazi hiyo, katika lugha ya mafundi wa vyombo, ni kutia kalafati mahali pasipo na ubao.

Tuliinua mazulia, yakatoka yamelowa. Nyuma ya siti, chini ya kifuniko, mna visanduku viwili vilivyobeba betri mbili za volti 6, mpango uliodumu mpaka 1974 ilipowekwa betri moja ya volti 12. Na tindikali inayomwagika humo kwa miaka mingi hula bati kimyakimya. Karibu na hapo ndipo springi za nyuma zinaposhikizwa mwilini, na kama kutu imefika kwenye mashikizo hayo, mimi humshauri mtu ashukuru, aage, aende zake. Nilipagonga kwa mpini wa bisibisi, pakajibu kwa sauti kavu ya chuma kizima. Tukapumua.

Hapo ndipo tulipoifikia injini. Wako wanaofurahi kulipata gari la bei ndogo lililokwisha kufunguliwa, vipande vyake vimo makashani, na mwenyewe anaapa kwamba hakikosekani kitu. Nami simshauri yeyote anunue makasha, kwa sababu gari lililofunguliwa haliwezi kutoa ushahidi wa jambo lolote, hali gari linalokwenda hujieleza lenyewe kwa kila kiungo. Tulilipeleka polepole katika njia fupi ya shamba ya mzee, nje ya barabara kuu. Injini ilipopata moto, mshale wa oili ulisimama juu ya ratili 50 kwa inchi ya mraba gari likiwa mwendoni, na hiyo ni alama ya siha. Moshi wa buluu, ambao ungetuambia kwamba oili inaungua, haukuonekana. Wala ule mweupe usiokoma, wa maji yaliyopenya katika silinda. Gia ya pili ilikuwa na kelele kidogo. Breki zilivuta upande mmoja. Mzee alikuwa amekwisha kubadilisha viti vya valvu kuwa vya chuma kigumu zaidi, kwa sababu injini hizi ziliundwa kwa petroli yenye risasi, nayo ilipigwa marufuku Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000. Na mabomba ya mpira ya petroli yalikuwa mapya, jambo la busara tangu petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ilipoingia katika vituo mwaka 2021, maana ethanoli hudhuru mipira ya kale.

Lakini kwenda si usalama, na hapa sheria yenyewe yaweza kumpoteza mnunuzi. Tangu Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40 nchini Uingereza, maadamu halikubadilishwa sana, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, hivyo gari laweza kuwa na karatasi zote za halali huku chini yake panameguka kama mkate. Msamaha huo haumruhusu mtu kuendesha gari la hatari, walakini hakuna anayelikagua mpaka litokee la kutokea. Mwenye gari bado aweza kuomba ukaguzi huo kwa hiari yake, na mkaguzi hutazama hasa chuma kilicho ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye mashikizo ya springi, ya usukani na ya mikanda ya siti. Na ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na majuto. Tulimwomba mzee apeleke gari kukaguliwa kabla ya fedha kutoka mfukoni, naye akakubali bila kuona haya. Jawabu la mkaguzi lilikuwa lile lile la sumaku.

Bei ikajadiliwa juu ya msingi huo. Tulihesabu kizingiti cha kushoto, na cha kulia pia, kwani vizingiti ni pacha na kilichompata mmoja kiko njiani kumfikia mwenziwe; tukahesabu rangi, breki, na kulisafirisha gari juu ya trela, kwa kuwa nilikataa katakata liendeshwe hata maili moja ya barabara kuu. Mzee alileta bahasha iliyojaa stakabadhi za miaka 30, tukalinganisha namba ya chesisi iliyo chini ya boneti na ile ya hati ya usajili, zikawa moja. Akapunguza bei. Nadhani alitaka gari liende kwa mtu aliyetambaa chini yake.

Kazi ya kuchomelea ilichukua majira ya baridi yote. Kizingiti hakibadilishwi kwa kubandika bati jipya juu ya ukuta ulioliwa, ingawa wengi hufanya hivyo. Hukatwa sehemu ya chini ya madigadi, matabaka yote yakafunuliwa, yakatolewa, yakarudishwa moja moja. Na kabla ya kukata chochote fundi huchomelea mihimili ya muda kukingama katika nafasi ya mlango, toka nguzo hadi nguzo, ili mwili usibonyee. Kwa maana ukibonyea wakati huo, chuma kipya kitaufunga katika upotovu wake, na mlango hautakaa sawa abadani. Fundi aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alimaliza upande mmoja, akaupima, ndipo akaugusa wa pili, kisha akamimina nta ya moto ndani ya masanduku yale matupu ili maji yasipate pa kushika.

Alituita mwezi Machi. Gari lilikuwa halijapakwa rangi, vizingiti vyake vya kijivu chini ya mwili mwekundu. Hakutueleza lolote, aliingiza jeki upande wa kushoto, akaliinua mpaka gurudumu likaachana na sakafu, akampa ndugu yangu ishara kwa kidevu. Ndugu yangu aliufungua mlango mpaka mwisho wake, akausukuma kwa vidole viwili, nao ukafungika.