Bodaboda wa Kikambala na Barabara za Jangwani

Kwenye steji za bodaboda kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kuanzia Mtwapa na Kanamai hadi Kikambala na Vipingo, hakuna gumzo linalochangamsha kijiwe kama la Ghuba. Anayeulizwa huwa ni kijana aliyerudi. Miaka michache iliyopita alikuwa akipeleka chakula Dubai au Doha, na sasa yuko tena juu ya Boxer akisubiri abiria wa kushuka ufuoni. Wenzake humuuliza mambo matatu: jua, barabara na tumbo. La pesa huulizwa pembeni, kwa sauti ya chini.

Kilichowapeleka huko hakihitaji maelezo marefu kwa mwenyeji wa hapa. Kikambala ilijengwa na hoteli za ufuoni. Novemba 28, 2002, shambulio la bomu katika Hoteli ya Paradise liliua Wakenya 10 na Waisraeli watatu, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuja kuwalaki wageni. Watalii walipungua, kisha Korona mwaka wa 2020 ikafunga hata milango iliyokuwa imebaki wazi. Kijana ambaye zamani angeajiriwa jikoni au bustanini mwa hoteli akageukia pikipiki, ambayo bei yake ilikuwa imeshuka baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008. Wakati huohuo miji ya Ghuba ilizoea kuagiza chakula kwa simu, na kampuni za huko zikawa zinatafuta watu wa kukifikisha mlangoni. Ujuzi wa steji ukapata soko ng'ambo.

Tuanze na jua. Mtu wa Kilifi hudhani anajua joto, hasa kati ya Januari na Machi kaskazi inapovuma. Lakini hapa upepo wa bahari haukatiki, na mwembe wa kuketi chini yake hauko mbali. Huko Julai kipimo huvuka nyuzi 45 mara kwa mara. Mitribah, nchini Kuwait, ilirekodi nyuzi 53.9 Julai 21, 2016, kiwango kilichothibitishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Anayedhani jangwani ni kukavu pia hukosea, kwani miji mikubwa ya Ghuba iko pwani, na unyevu wa bahari huwafanya waendeshaji kulowa jasho ndani ya helmeti hata saa nne za usiku.

Serikali za huko zimeliwekea jua sheria. Katika Muungano wa Falme za Kiarabu, kazi za nje juani zimepigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa alasiri, kati ya Juni 15 na Septemba 15. Qatar imekuwa kali zaidi tangu 2021: saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia Juni mosi. Tatizo ni kwamba saa hizo ndizo za chakula cha mchana, na aliye ofisini hataki kutoka kwenye kiyoyozi. Mwaka wa 2022 Qatar ilizuia pikipiki kupeleka chakula wakati huo wa kiangazi, kazi ikaachiwa magari. Dubai ilichagua njia nyingine kwa kujenga vituo 40 vya kupumzikia vyenye viyoyozi, maji na mahali pa kuchaji simu. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kubwa. Moja inasimamisha pikipiki, nyingine inampa mwendeshaji pahali pa kupoa kisha inamwacha arudi juani.

Jambo linalowachoma waliorudi ni maji. Miji isiyo na mto wala mvua ya kutegemewa ina maji kwenye bomba usiku na mchana, kwa kuwa yanachujwa chumvi kutoka baharini. Kikambala, iliyo kwenye kaunti yenye mto Sabaki na visima vya Baricho vinavyolisha Malindi, Kilifi na Mombasa, bado ina mitaa ambayo bodaboda hubeba mitungi ya maji mara nyingi kuliko inavyobeba watu. Ila mji wa jangwani nao una aibu yake. Aprili 16, 2024, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko yoyote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa huko mwaka wa 1949. Uwanja wa ndege wa Dubai ulifurika na magari yakaelea, kwa sababu mji haukujengewa mifereji ya mvua ya kiasi hicho. Siku chache baadaye masika yakaifurisha Kenya. Pikipiki zilisukumwa kwa mikono katika nchi zote mbili.

Barabarani, mgeni hupambana kwanza na upande. Huku tunaendesha kushoto, kule ni kulia, na anayerudi huhitaji uangalifu uleule siku zake za kwanza Mtwapa. La pili ni upana. Barabara ya Sheikh Zayed ina njia sita au zaidi kila upande, na kamera hazina mjomba polisi wa kuombwa msamaha. Tangu Novemba 2025, pikipiki za kupeleka mizigo Dubai haziruhusiwi kwenye njia mbili za kushoto kabisa katika barabara yenye njia tano au zaidi, maana hizo ni za mwendo wa kasi. Abiria hapandi, na kisanduku cha mizigo kina vipimo vyake.

Linganisha na barabara yetu. Kutoka Nyali kupitia Bamburi hadi Mtwapa, msongamano wa jioni unaweza kumaliza subira ya mtu kabla hajavuka daraja. Kazi ya kuipanua barabara ya Mombasa–Mtwapa–Kilifi, inayofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika miongoni mwa wengine, imeleta matumaini pamoja na vumbi na michepuko. Bodaboda hustawi palepale gari linapokwama: hupenya katikati ya matatu na malori, hupanda kando, hukata kona kupitia sheli. Hakuna njia ya kushoto ya kukatazwa, kwa hiyo kila njia ni yake.

Sheria hatukosi. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012 yanamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na pikipiki isibebe abiria zaidi ya mmoja. Nenda Kikambala saa ya kufungua shule uhesabu helmeti. Utaona mshikaki wa watoto watatu nyuma ya dereva, na helmeti moja ikining'inia kwenye kioo. Kijana huyuhuyu, akiwa Dubai, hakuwahi kuendesha kichwa wazi hata mita mia. Tabia yake haikubadilika alipopanda ndege. Kilichobadilika ni uhakika kwamba faini itamfikia.

Lakini nidhamu ya Ghuba ina bei, na bei hiyo analipa mwendeshaji. Programu ya simu humpimia dakika tangu chakula kinapotoka jikoni. Akichelewa, daraja lake linashuka. Likishuka, oda zinapungua. Mwezi Mei 2022, waendeshaji wa Deliveroo mjini Dubai walisusia kazi baada ya kampuni kupanga kushusha malipo ya kila safari kutoka dirham 10.25 hadi 8.75, kwa kiwango cha sasa kama shilingi 360 hadi 307, na kurefusha zamu hadi saa 14. Migomo imeharamishwa nchini humo, hata hivyo kampuni ilirudi nyuma. Siku chache baadaye wa Talabat nao wakafuata wakidai nyongeza. Hao walikuwa wengi wao kutoka Asia Kusini, lakini Mwafrika wa Mashariki aliyekuwa chumba cha pili alikuwa akifuatilia kwa makini.

Kwa upande wa tumbo, Ghuba si ugeni kwa Mswahili. Mwendeshaji anayebeba machboos ya kuku anabeba ndugu wa pilau: mchele mrefu, nyama na bizari katika sufuria moja. Luqaimat za Ramadhani ni kaimati za hapa, na saa ya futari ndiyo saa yenye oda nyingi kuliko zote. Haya si ya kubahatisha. Kwa karne nyingi majahazi yaliteremka na kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka pwani hii, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka wa 1982. Mapishi yalisafiri kwenye jahazi hilohilo.

Wanachokikosa ni vitu vidogo. Tui huko hutoka kwenye mkebe, hakuna mbuzi ya kukunia wala nazi iliyopasuliwa sasa hivi. Mahamri na mbaazi ya alfajiri, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, viazi karai vya jioni kando ya barabara, sima na mchicha wa nazi: vyote hivyo hupikwa kwa kubahatisha katika jiko la pamoja la vyumba vya wafanyakazi, baada ya zamu. Kinachosifiwa bila ubishi ni chai ya karak, maziwa mazito na iliki, inayouzwa kwa bei ndogo na kuletwa hadi dirishani mwa gari. Anayependa chai ya maziwa ya Mtwapa haoni tofauti kubwa.

Kwenye kinywaji kikali ndipo njia zinapoachana. Waislamu wengi wa Kikambala hawagusi pombe, na kwao Ghuba ni raha. Kwa wengine ni funzo. Saudi Arabia ilipiga marufuku pombe mwaka wa 1952, na duka lililofunguliwa Riyadh mwaka wa 2024 lilikuwa la wanadiplomasia wasio Waislamu. Kuwait ni marufuku, Sharjah pia, ingawa Dubai iliyo jirani huuza kwenye hoteli na maduka yenye leseni. Qatar ilibadilisha msimamo siku mbili kabla ya Kombe la Dunia la 2022 na kuondoa bia kwenye maeneo ya viwanja. Chupa ya bia ya hotelini Dubai ingemlisha mpeleka chakula kwa siku nzima, kwa hiyo hata penye ruhusa wengi hawanywi.

Tusker inaweza kusafirishwa. Mnazi hauwezi. Mgema hupanda mti asubuhi na jioni, na kilichogemwa alfajiri ni kitamu kabla ya adhuhuri, kikali magharibi, na siki baada ya hapo. Kwa Wamijikenda mnazi si wa kulewea tu: hakuna mazungumzo ya mahari ya Kigiriama yanayokamilika bila huo, na wazee humwagia koma, mizimu ya wahenga, kabla ya kuonja. Ndiyo maana aliyerudi, akishamaliza kuwasalimu wazazi, huelekea mangweni, kilabuni kwa mnazi, aketi na mboko na mrija. Huko Ghuba hakuna kitu kama hicho, kwa bei yoyote.

Shida huanza pikipiki inapoegeshwa nje ya mangwe na mwenyewe akatoka akiwa na abiria wa kumpeleka. Falme za Kiarabu hazivumilii hata tone kwa anayeendesha. Sisi tuna sheria na kipima pombe, lakini njia za ndani za Kikambala hazijui kipima pombe usiku. Kama kuna jambo moja la kuiga jangwani, ni hili: anayeendesha hanywi, na anayekunywa haendeshi. La pili ni abiria mmoja na helmeti mbili. La tatu ni kituo cha kupumzikia chenye kivuli na maji, ambacho Kaunti ya Kilifi inaweza kukijenga kwa gharama ndogo kuliko ya kiyoyozi. Kinachobaki tusikiige, hasa saa inayokupimia pumzi ukiwa juani.

Na kwa kijana anayepanga kuondoka: kabla ya kumpa ajenti hata shilingi moja, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, soma kandarasi katika lugha unayoielewa, na uulize nani atalipia leseni, mafuta na bima ya pikipiki. Ukianguka kwenye barabara ya jangwani, bima ndiyo itakayoamua kama utarudi Kikambala na akiba au na deni.