Kumlea Mhandisi Kijana ni Sehemu ya Mradi

Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo husahaulika sana tunapoandika maandiko ya miradi. Tunakumbuka saruji, mabomba, usafiri na posho za vikao. Tunamkumbuka hata mgeni rasmi wa siku ya uzinduzi. Lakini yule kijana aliyetoka chuoni juzi, ambaye ndiye atakayechora na kusimamia kazi, tunadhani kwamba shahada yake inatosha. Je, ni kweli inatosha?

Hewa iliyoziba njia

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisimamia mradi wa maji ya mserereko. Chanzo kilikuwa mlimani, na maji yalitakiwa kushuka bondeni, kupanda kigongo kimoja, kisha kuteremka hadi kijijini. Ili kubana matumizi tulimwajiri kwa mkataba kijana mmoja aliyehitimu vizuri. Hakuwa na mhandisi mzoefu wa kumwuliza, nasi hatukumtafutia. Wananchi walichimba mtaro wenyewe, akina mama wakiwa wengi kuliko wanaume.

Siku ya uzinduzi mchungaji aliomba, wageni wakasimama, bomba likafunguliwa. Likakohoa, likatoa matone machache, likanyamaza. Wageni walikula chakula wakaondoka. Akina mama walichukua ndoo zao wakarudi mtoni.

Kwa wiki tatu kijana yule alifukua bomba huku na huku akitafuta mahali palipopasuka. Hakupaona, kwa sababu hapakuwapo. Hatimaye tulimwomba mhandisi mmoja mstaafu, muumini wa usharika jirani, aje kutusaidia. Alitembea na kijana kutoka chanzo hadi kijijini akiwa na fimbo na daftari. Walipofika juu ya kigongo alisimama akauliza: “Mwanangu, hewa ya hapa inatokea wapi?”

Kijana akajibu: “Mzee, hapa sikuweka kitu.”

Jibu lilikuwa hilo. Maji yanapoingia katika bomba tupu huisukuma hewa mbele yake, na hewa hukimbilia sehemu ya juu. Isipopata pa kutokea hukaa pale kama kizibo, na maji hayapiti ingawa bomba ni zima. Dawa yake ni vali ya kutolea hewa juu ya kigongo, kifaa kidogo kisicho na bei kubwa.

Mzee aliona na kosa la pili ambalo lilikuwa bado halijajitokeza. Bondeni bomba lilikuwa mita 130 chini ya tangi, na lilikuwa la daraja la PN10. Kila mita 10 za mwinuko wa maji hutoa mgandamizo wa karibu bar 1. PN10 hustahimili bar 10, yaani mwinuko wa mita 100 hivi. Mchana watu wakichota, mgandamizo hupungua kidogo kwa sababu maji yanatembea. Usiku bomba zote zikifungwa, mzigo wote hukaa bondeni. Pangepasuka usiku. Tena hatukuweza kutumia tangi la kupunguzia mgandamizo, kwa sababu maji yangepoteza nguvu ya kupanda kigongo. Ilibidi sehemu ile yote ibadilishwe, liwekwe bomba la PN16.

Fedha za kufanya hivyo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye fungu la kitongoji cha pili. Watoto wa kitongoji kile waliendelea kwenda mtoni mwaka mzima zaidi. Kijana alilia mbele yetu, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Sisi tulimpa kazi ya mtu mzima bila kumpa mlezi.

Shahada ni mlango tu

Nchi yetu ina utaratibu wa kumlea mhandisi kijana, na ni vema kila mtunza mradi aufahamu. Sheria ya kwanza ya usajili wa wahandisi ilitungwa mwaka 1968. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi, na vijana wetu wakaanza kusomea fani hiyo hapa hapa nyumbani. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria mpya, Sheria Namba 15, na chini yake inafanya kazi Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB).

Sheria hiyo hairuhusu mtu kufanya kazi za kihandisi au kujiita mhandisi bila kusajiliwa. Anayemaliza shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Hapo anatambuliwa kuwa amesoma, lakini bado hajathibitisha kwamba anaweza kusimama peke yake. Baada ya mafunzo ya vitendo, kwa kawaida miaka 3, na baada ya kupimwa na Bodi, husajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Akiendelea kukomaa anaweza kuomba kuwa mhandisi mshauri. Mafundi sanifu nao wana nafasi yao katika usajili.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa mchungaji. Anayemaliza masomo ya theolojia hakabidhiwi usharika mkubwa kesho yake. Hupelekwa kwanza chini ya mchungaji mzoefu, akahubiri akisikilizwa, akazika, akabatiza, akaonywa, akatiwa moyo.

Miaka 3 ya mafunzo inavyokwenda

Mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, unaojulikana kwa kifupi SEAP. Kijana hupangiwa mahali pa kazi, iwe ofisi ya serikali, kampuni ya ujenzi, kiwanda au ofisi ya washauri. Hapo anakuwa chini ya mhandisi mlezi ambaye mwenyewe amesajiliwa.

Kijana ana kitabu cha kumbukumbu za kazi. Anaandika alichofanya, siku gani, na amejifunza nini. Mlezi hukisoma na kukitia sahihi, na taarifa hupelekwa Bodi kwa vipindi. Lengo ni kwamba katika miaka ile apite katika usanifu, usimamizi wa kazi, hesabu za gharama, usalama wa wafanyakazi na uongozi wa watu, asikae miaka yote 3 akipiga chapa barua au akihesabu mifuko ya saruji. Mwishoni huandika ripoti ya kazi zake na kuhojiwa na wahandisi wenzake.

Kwa nini kitabu kile ni muhimu? Kwa sababu kinamlazimisha mlezi kuuliza maswali kabla udongo haujafukiwa. Kama kijana wetu angeandika katika kitabu “leo nimepima mwinuko wa bonde na kigongo”, mlezi yeyote mzoefu angeuliza pale pale habari za hewa na daraja la bomba. Swali moja mezani lingeokoa fedha za kitongoji kizima.

Bodi na Taasisi zina tofauti

Wengi huchanganya vyombo viwili. Bodi ni chombo cha sheria. Inasajili, inasimamia maadili na inaweza kumfutia usajili anayekiuka. Taasisi ya Wahandisi Tanzania (IET), iliyoanzishwa mwaka 1975, ni chama cha hiari cha wanataaluma. Usajili wa Bodi ni lazima, uanachama wa Taasisi ni uamuzi wa mtu.

Vijana wengi huuliza: nikishasajiliwa, uanachama wa nini tena? Ada ni ya nini? Jibu ni kwamba kijana anayefanya kazi peke yake wilayani hana wa kumwuliza. Katika mikutano ya wanachama hukutana na waliomtangulia. Husikiliza mada za kitaalamu, hushiriki ziara za kutembelea daraja, bwawa au kiwanda kinachojengwa, na huzoea kusimama mbele ya wenzake kutetea hesabu zake. Zaidi ya yote anapata namba za simu za watu ambao hawataona taabu kupigiwa wakati bomba limegoma kutoa maji. Kuuliza si ujinga, lakini ni lazima uwe na wa kumwuliza.

Tangu 2003 Bodi pia huandaa Siku ya Wahandisi. Huko mada hutolewa, wahitimu waliofanya vizuri vyuoni hupewa zawadi, na wahandisi hula kiapo cha taaluma. Kwa sisi wa kanisa jambo la kiapo tunalielewa. Mtu anaahidi hadharani kwamba usalama wa watu utatangulia faida yake.

Elimu haina mwisho

Hata baada ya usajili, mhandisi hudaiwa kuendelea kujifunza. Semina, kozi fupi, kuandika mada, kufundisha vijana, yote huhesabiwa katika maendeleo yake ya kitaaluma. Hili si urasimu. Mwenye shahada ya zamani alijifunza kutumia mabomba ya chuma na michoro ya mkono. Leo kuna mabomba ya plastiki ya madaraja mbalimbali, pampu za umeme wa jua na programu za kompyuta za kupigia hesabu za maji. Asiyejifunza atabaki nyuma, na wananchi watalipa gharama ya kubaki kwake nyuma.

Lipo pia jambo la ajira. Mwaka 2012 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi makubaliano ya kutambua wahandisi wao ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mlango huo uko wazi kwa aliyekamilisha usajili wa kitaalamu nyumbani kwake. Aliyebaki na cheti cha chuo kabatini hawezi kuupita.

Tusiwasahau mabinti

Wahandisi wanawake ni wachache kuliko wanaume, na wengi huachia njiani katika miaka ile ya mafunzo. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2010 Norway ilisaidia Bodi kugharimia mafunzo ya vitendo ya wahandisi wanawake. Ni mfano mzuri kwetu. Binti akipelekwa eneo la ujenzi, tuhakikishe ana mahali salama pa kulala, choo, na msimamizi anayemheshimu. Haya ni mambo madogo katika bajeti, lakini ndiyo yanayoamua kama atamaliza au ataondoka.

Sisi tufanye nini?

Baada ya yale yaliyotupata, ofisi yetu ilibadili taratibu zake. Tunawashirikisha ili nanyi mpime.

Kwanza, kila andiko la mradi wenye ujenzi liwe na fungu la mhandisi mlezi, walau siku chache za kutembelea kazi kabla ya kufukia mtaro, kabla ya kumwaga zege na kabla ya uzinduzi. Wahisani na vyama rafiki wakielezwa sababu, huelewa.

Pili, tukimpokea mhandisi kijana tumwulize kama amesajiliwa na kama yuko kwenye mpango wa mafunzo. Kama bado, tumsaidie kuanza. Habari za nafasi na masharti ya mwaka husika zinapatikana Bodi yenyewe, ni vema aulize huko kuliko kusikiliza maneno ya mitaani.

Tatu, tumpe ruhusa na nauli ya kuhudhuria mikutano ya wanachama angalau mara moja kwa mwaka, na akirudi aeleze ofisi nzima alichojifunza.

Nne, sharika ziwatambue wahandisi wao wazee. Tunao wengi, hukaa kiti cha nyuma kila Jumapili na hakuna anayejua walijenga nini. Wakiombwa kwa heshima hufurahi.

Tano, kazi ikikamilika michoro na vipimo vikabidhiwe kwa chombo cha watumia maji cha kijiji, na nakala ipelekwe ofisi ya wilaya ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa mwaka 2019. Mhandisi kijana mwingine ataihitaji kesho.

Neno la mwisho

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, tunasoma habari za Bezaleli na Oholiabu, mafundi wa hema ya kukutania. Tunapenda kukumbuka kwamba Mungu aliwajaza ustadi. Mara chache tunakumbuka kwamba alitia pia mioyoni mwao karama ya kufundisha wengine.

Kijana wetu wa kigongoni hakukata tamaa. Alianza mafunzo ya vitendo, yule mzee akawa anamshauri kwa simu karibu kila wiki, na baadaye akasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Hivi karibuni alikuja ofisini akiwa na binti aliyemaliza chuo, anayemlea sasa. Kabla ya kukaa alifungua mchoro wa binti yule juu ya meza, akaweka kidole mahali pa juu kabisa pa mstari wa bomba, akamwuliza: “Hewa ya hapa inatokea wapi?”

Binti alikuwa na jibu.